Sheria ya Jua na Sheria ya Saa

Mwanangu Nasra,

Salamu nyingine nitakupa kesho kwa mdomo, kituoni, mbele ya babako na mizigo yako. Humu naweka yale ambayo kwa mdomo siyawezi.

Nimekaa jikoni, mezani, upande ule wako. Jua limezama saa moja, nimeswali, nimerudi kukaa, nawe bado uko nje. Umekwenda kuagana na wenzako. Ulipokuwa unavaa viatu ulisema, "Nitachelewa kidogo, Mama," kwa Kiingereza kama kawaida yako, umeinamia zile kamba ili usinitazame. Nami nikasema, "Haya." Sijui kama ulisikia neno lenyewe lilivyonitoka. Kwa jambo la kukaa nje jua likiwa limezama, sijapata kukwambia "haya" tangu nikuzae.

Sitakuandikia habari za mchele, wala pilipili, wala namna ya kuosha sweta la sufi. Babako keshaandika karatasi nzima ya maagizo na kuibandika ndani ya kifuniko cha sanduku lako, na namba tatu kaipigia mistari miwili. Mimi nataka kukuandikia habari za leo, kwa sababu leo si siku kama nyingine, na habari za kosa langu moja ambalo siku hii inalihusu sana.

Leo mchana na usiku vimelingana. Wewe unalijua hilo kuliko mimi na sababu zake zote unazijua. Lakini nataka ujue mimi nililijua lini.

Nilikuwa na miaka kumi na minne, Unguja, miaka michache baada ya Mapinduzi. Mambo mengi yalikuwa yamebadilika mjini, lakini vitabu vyetu vya jiografia vilikuwa vile vile vya zamani, wasichana watatu kwa kitabu kimoja, na ndani yake picha za watoto wenye mashavu mekundu na kofia za sufi. Mwalimu wetu aliitwa Bi Zakia. Siku moja alikuja na chungwa, sindano ya kufumia na kandili. Akatuamuru tufunge madirisha saa nne ya asubuhi, akawasha kandili, akalitoboa chungwa kwa sindano, akaanza kulizungusha polepole akiizunguka ile taa.

"Sisi tuko hapa tumboni," akasema. "Sisi jua halitubagui. Mwaka mzima likichelewa au likiwahi, tofauti haifiki hata saa moja. Lakini hawa wa huku juu wana mambo yao. Kuna wakati mchana unawala usiku wote, na kuna wakati usiku unalipiza. Siku mbili tu kwa mwaka wanakuwa kama sisi."

Nilipenda sana kusikia hivyo, kwamba watu wa vitabuni huwa kama sisi siku mbili kwa mwaka.

Kisha akatusomea majira manne. Tukafika pale majani yanapopukutika. Kitabu chetu kiliyaita majira hayo vuli, na sisi tukatazamana, maana vuli yetu ni mvua ndogo na ndipo miti inapochipua. Nikanyoosha mkono.

"Mwalimu, mti ukishapukutika wote, wenyewe wanajuaje kama umelala au umekufa?"

Msichana wa nyuma yangu akasema, "Wanautekenya!" Darasa zima likaangua kicheko.

Bi Zakia hakucheka. "Nyamazeni. Zuhura kauliza swali ambalo mimi sikuliuliza nilipokuwa chuo cha ualimu, na jibu lake silijui. Simama, Zuhura. Uliza tena, taratibu, kila mmoja aliandike."

Nikasimama, nikauliza tena, na wasichana arubaini wakaandika swali langu kwenye madaftari yao. Nilirudi nyumbani nikihisi kama nimevishwa dhahabu. Kwenye mtihani wa mwisho wa mwaka swali la majira lilitoka, nikalijibu vizuri: majani hugeuka manjano na mekundu, kisha huanguka, miti hubaki mitupu mpaka joto lirejee. Nilipata alama zote.

Sasa sikiliza nilivyofanya nilipoyaona kwa macho.

Nilikuja hapa nikiwa mke wa babako wa miezi mitano. Tulipanga chumba Wembley, nyuma ya nyumba ya watu, na dirishani palikuwa na mti mkubwa. Mwaka ule Ramadhani iliangukia siku hizi hizi za mwezi wa tisa. Tulikuwa na karatasi ya nyakati tuliyopewa msikitini, lakini mimi sikuiamini. Nilipika uji na kuuweka mezani saa kumi na mbili na robo, kama nyumbani, na uji ukapoa, ukaganda utando juu, na jua bado limesimama juu ya mapaa ya watu.

"Mama wewe, soma karatasi," babako akasema.

"Karatasi imepigwa chapa na mtu. Jua halipigwi chapa."

"Basi liambie hilo jua liharakishe, mimi nimeamka saa kumi."

Lakini nikaona jambo. Kila siku futari ilitusogelea, dakika mbili leo, mbili kesho, kama mtu anayevuta mkeka taratibu akidhani hatumwoni. Ilipofika siku ya kulingana nikafurahi. Babako alinieleza kwamba wakati wa joto wenyeji huzisogeza saa zao mbele kwa saa moja, kwa hiyo ile saa moja ya kuzama jua kwa kweli ilikuwa saa kumi na mbili. Nikasema, alhamdulillahi, jua limerudi mahali pake. Wallahi nilidhani litabaki hapo. Bi Zakia alikuwa amesema siku mbili tu, nami nilikuwa nimeandika siku mbili tu kwenye daftari, lakini moyo wangu ulidhani jua likishaonja usawa halitataka kuondoka. Kesho yake likaenda tena dakika mbili. Na kesho kutwa mbili nyingine.

Na ule mti ukaanza kugeuka manjano.

Kwetu mti ukigeuka manjano una kiu, au una mchwa. Mchwa sikuwaona. Basi nikachukua ndoo. Kila baada ya kufua, yale maji ya mwisho ya kusuuza nilishuka nayo ngazi nikaumwagia. Nikafanya hivyo siku tisa. Siku ya tisa nikasikia mtu ananiita kutoka upande wa pili wa ua.

"Shoga! Mti huo una homa?"

Alikuwa Mama Hansa. Ndiyo siku tuliyojuana. Unamjua anavyozungumza, Mhindi wa Wete yule, mume wake alikuwa na duka la vitambaa huko Pemba, na Kiswahili chake kinanishinda mimi.

"Una kiu," nikamwambia. "Tazama unavyokauka."

"Alaa! Na ule wa barabarani? Na ile yote ya kule bustanini? Utaibebea ndoo mmoja mmoja?"

Nikainua uso. Mtaa mzima ulikuwa manjano. Nilikuwa nimeutazama mti mmoja siku tisa, sikuitazama mingine.

"Usijione peke yako," akasema, "mimi mwaka wangu wa kwanza nilimwambia mume wangu tuhame, mtaa umeingia ugonjwa wa miti."

Tulicheka mpaka akaushika ua kwa mikono miwili. Nami katikati ya kicheko nikakumbuka mtihani wangu. Nilikuwa nimepata alama zote katika jambo ambalo lilikuja likasimama dirishani kwangu, nami nikalimwagia maji ya kufulia.

Nikamwuliza lile swali la darasani. Mama Hansa akazunguka akaingia uani kwetu, akavuta tawi moja, akalikwaruza kwa ukucha wa kidole gumba. Chini ya gome palikuwa kijani kibichi kabisa. "Umelala," akasema. "Uliokufa ni kahawia mpaka ndani. Na tazama hapa." Akanionyesha mahali jani lilipokwanyuka. Palikuwa na kichipukizi kidogo, kigumu, kama punje ya mtama. Kilikuwepo tayari kabla jani halijaanguka. Nilisimama pale baridini nikikitazama mpaka mikono ikafa ganzi. Nilitaka kumwandikia Bi Zakia. Sikumwandikia. Hilo nalo ni kosa, lakini si lile ninalotaka kulisema.

Nyumbani kabla ya magharibi. Nadhani hakuna maneno uliyoyasikia kinywani mwangu mara nyingi kuliko hayo. Si mimi niliyeyatunga. Kwetu kila mtoto aliyasikia. Magharibi si wakati wa mtoto kuwa nje, mashetani wanapita, malaika wanapita, mwadhini anaita, mama anasimama mlangoni anahesabu vichwa. Na kwa kuwa jua la kwetu halina mchezo, hakuna aliyehitaji kuuliza magharibi ni saa ngapi. Ilikuwa kama kuuliza mlango uko wapi.

Nikaichukua sheria hiyo nikaipanda huku, bila kuukwaruza mti kuona kama uko hai.

Ulipokuwa na miaka saba, ile Jumapili wanayorudisha saa nyuma, ulikuwa unacheza nje na mjukuu wa Mama Hansa, nikakuita uingie. Ulikuja umekunja uso.

"Mama, jana saa hizi nilikuwa nje. Nani kachukua saa yangu?"

"Serikali," nikakwambia.

Babako akacheka nyuma ya gazeti. "Mwandikie waziri mkuu, mwambie arudishe."

Nawe ukachukua penseli ukaandika kweli. Ninayo mpaka leo ile karatasi, sitakwambia nimeiweka wapi. Nilicheka siku ile, lakini nilipaswa kufikiri. Mtoto wa miaka saba alikuwa ameniuliza swali kubwa, na mimi nilifunga mlango, nikakupa chai.

Kisha ikaja ile Desemba ulipokuwa na miaka kumi na mitano. Najua hujaisahau. Mwalimu wenu wa sayansi alikuwa analeta darubini, akachagua wanafunzi kumi na wawili wabaki kwenye uwanja wa shule waonyeshwe nyota. Ulikuja na karatasi ya kutiwa saini na mzazi. Ulikuwa umeikunja vizuri mara mbili.

"Si usiku, Mama. Ni saa kumi na moja ya jioni mpaka saa moja. Mwalimu mwenyewe atatupandisha basi."

"Jua litakuwa limezama tangu saa kumi."

"Lakini nyota hazionekani jua likiwepo!"

"Basi zitazame hapo dirishani."

Nilisema hivyo, Nasra. Na dirisha letu la jikoni linatazama taa ya bafu la jirani. Siku ile ya darubini ulirudi kama kila siku, ukaweka mkoba, ukasimama pale dirishani bila kuwasha taa. Nilidhani unanidhihaki. Baadaye nilifikiri pengine ulikuwa unazitafuta kweli.

Majira yakageuka. Ikafika Juni, mwaka ule ule wa shule, na jua likawa halizami mpaka saa tatu na dakika ishirini. Jioni moja ulikwenda bustanini na wenzako, ikafika saa mbili na nusu, hujarudi. Nikatoka. Nilivaa kanga juu ya gauni la ndani na ndara za bafuni, nikavuka barabara hivyo hivyo. Mlikuwa mmekaa majanini, wasichana wanne, mnakula aiskrimu, jua limewapiga usoni.

"Saa mbili na nusu hii! Mtoto wa kike!"

"Jua bado lipo, Mama."

"Usinionyeshe jua. Tazama saa!"

Tulirudi nyumbani. Tulipoingia ndani uligeuka, ukaniuliza. Ulisema kwa Kiingereza, lakini kwa upole, na hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba ulikuwa mpole. Ulisema huelewi, unataka tu kujua ufuate lipi. Wakati wa baridi sheria yangu ni ya jua, ukasema, na wakati wa joto sheria yangu ni ya saa. Ni ya jua au ni ya saa?

Nikakupiga kofi.

Ulishika shavu ukanitazama. Sikuona hasira usoni mwako. Ulinitazama kama mtu aliyeuliza swali la hesabu na sasa anaandika jibu. Kisha ukapanda juu.

Tangu siku ile hukunivunjia adabu hata mara moja. Ulirudi mapema wakati wa baridi, ulirudi mapema wakati wa joto. Uliniuliza sukari iko wapi, uliniuliza kama nguo zimekauka. Lakini swali la kwa nini hukuniuliza tena. Yule aliyeuliza nani kachukua saa yangu, kwa nini mwezi unatufuata kwenye basi, kwa nini moshi hauanguki, alinyamaza. Nami niliyesimamishwa mbele ya wasichana arubaini kwa sababu ya swali, ndiye niliyemnyamazisha.

Mwaka jana ilipokuja barua ya chuo kikuu, babako akaweka ramani mezani. "Aberdeen," akasema. "Binti, huku ni mwisho wa karatasi."

"Wana idara nzuri ya fizikia," ukajibu.

Ulipotoka, nilichukua utepe wangu wa kupimia nguo nikapima kutoka kwetu mpaka huko, halafu nikapima vyuo vingine vitatu vilivyokukubali. Ulikuwa umechagua cha mbali kuliko vyote. Na wiki tatu zilizopita babako alipokukatia tiketi ya treni, nikaona ni ya kwenda tu. Sikuuliza kitu. Kuna maneno mawili nimetembea nayo ulimini wiki tatu kama mbegu ya ndimu: Desemba utakuja? Sikuyatoa, kwa sababu naogopa jibu, na naogopa zaidi kwamba utanijibu kwa adabu.

Nataka kujua, Nasra, kama unakwenda huko kwa sababu ya fizikia au kwa sababu yangu. Kama ni vyote viwili nitakubali. Lakini sitakuuliza usoni, sina haki hiyo bado.

Nikwambie jambo ambalo hata babako halijui. Miaka miwili sasa nina daftari. Pale kiwandani, unajua, sisi majira tunayaishi kinyume: mwezi wa saba, madirisha wazi, jasho linatutiririka, tunashona makoti mazito ya baridi, na theluji ikiwa mlangoni tunashona mashati ya mikono mifupi. Siku moja nikiwa natia vifungo kwenye koti la sufi na nje watu wanatembea na miavuli ya jua, nilijikuta sijui hata tuko mwezi gani. Nikaona aibu. Nikanunua daftari la kurasa themanini, nikaanza kuandika kila siku jua linazama saa ngapi. Silitoi kwenye karatasi ya msikiti. Natazama mwenyewe, kutoka ngazi za nyuma za kiwanda au kutoka hapa. Siku za mawingu naandika "sikuliona."

Na nimegundua kitu. Siku kama hizi za sasa jua linakimbia, dakika mbili na zaidi kila siku. Lakini ikikaribia Desemba linapunguza mwendo, linajikokota, mpaka kuna siku kadhaa halisogei kabisa, limesimama kama mtu aliyefika mwisho wa barabara na hajui ageukie wapi. Juni vivyo hivyo. Kwa nini linakwenda mbio katikati na polepole pembeni? Nimelifikiria sana nikiwa kwenye cherehani. Babako hajui. Mama Hansa amesema, "Shoga, jua lenyewe limechoka, liache lipumzike." Anayelijua jibu hilo analala chumba cha pili kutoka changu, na siwezi kumwuliza, kwa sababu nilimpiga kofi kwa kuuliza.

Swali lako lina miaka mitatu sasa na hujajibiwa. Nitalijibu.

Nilikuwa na miaka kumi na moja, kaka yangu Suleiman kumi na tisa. Mama alihesabu vichwa mlangoni, kikakosekana kimoja. Tukadhani kachelewa barazani kwa rafiki zake. Isha ikapita. Siku hizo watu walichukuliwa, wengine tuliambiwa sababu, wengine hatukuambiwa. Suleiman alirudi baada ya miezi minne, amekonda, anacheka kama zamani ila kwa sauti ndogo. Hakuna aliyemwuliza kitu, na yeye hakusema. Ni mjomba wako yule yule anayekutumia kadi kutoka Maskati yenye picha za ngamia. Lakini jioni zote za miezi ile minne mama aliendelea kuhesabu, na alipomaliza kuhesabu alianza tena, kama aliyekosea hesabu. Mimi nilisimama nyuma yake. Nilijifunza hapo kwamba mtoto aliye nje baada ya magharibi ni mtoto aliyepotea. Halikuwa fundisho la jua, wala la saa. Nilikuwa naogopa, basi, nikauvika woga wangu jua wakati wa baridi na saa wakati wa joto, kila mara lile lililokuwa karibu na mkono wangu, lile lililokurudisha ndani upesi zaidi.

Ndiyo maana niliposikia swali lako nilipiga. Ulikuwa umeinua nguo ukaona kilichomo.

Ningekwambia haya ulipokuwa na miaka kumi na mitano, ungeelewa. Nilidhani nakulinda nisipokwambia. Nimekuja kuona kwamba nilikuachia baridi bila kukwambia inatoka wapi, nawe ukadhani inatoka kwangu, na kwa kweli ilitoka kwangu. Nisamehe kwa kofi. Nisamehe na kwa darubini, hiyo naitaja peke yake kwa sababu kofi lilikwisha siku ile ile lakini nyota zile hazikurudi.

Sasa ni saa tatu kasorobo. Nimesimama mara mbili kwenda dirishani na mara mbili nimejirudisha hapa kitini. Babako amepita akaniona, akasema, "Mama Nasra, unaandika kitabu?" Nikamwambia akalale, kesho anabeba masanduku. Akasimama kidogo, akasema, "Hajarudi?" Nikasema, "Bado." Akasubiri nimwambie avae viatu aende kukutafuta, kama siku zote. Sikumwambia. Akanitazama vizuri, akaenda zake akipiga mluzi.

Nimeuona mwendo wa roho yangu jioni hii, saa nzima na robo tatu. Mwanzo ilikuwa inadunda. Sasa inauma, lakini inauma kama mguu uliokaliwa unapoanza kurudiwa na damu. Sijui kama kesho itakuwa hivyo. Nimekuwa mwoga miaka mingi, siwezi kuacha kwa jioni moja, na usidhani barua hii imenigeuza. Ukinipigia simu nikaanza kukuuliza uko wapi na nani na kwa nini nasikia magari, nikate kauli, uniambie, "Mama, hiyo ni Unguja inazungumza." Sitakasirika. Pengine nitakasirika kidogo.

Desemba fanya unavyoona. Chumba chako hatukipangishi, Mama Hansa kashauliza na nimeshamkatalia.

Namaliza, ila kuna jambo moja limenikaa kichwani tangu Jumamosi, na nimeamua kukuuliza wewe kwa sababu sina mwingine wa kumwuliza. Nimesoma katika kitabu cha maktaba kwamba pale ncha ya kaskazini kabisa, jua huchomoza mara moja kwa mwaka na kuzama mara moja, na siku linapozama ni hizi hizi za kulingana. Kama nimeelewa sawa, basi jioni ya leo ndiyo magharibi ya huko. Moja tu, mwaka mzima. Najua hapakai mtu pale, ni barafu tupu. Lakini nimekuwa nikimfikiria mama mmoja angekuwepo, na binti yake yuko nje. Akimwita aingie leo, itabidi amweke ndani miezi sita. Sheria ya jua haimfai. Na kitabu kinasema saa zote za dunia hukutana pale, mtu anaweza kuchagua anayoitaka, kwa hiyo na saa haimfai. Hana cha kumshikia mtoto. Nimejiuliza jioni nzima angemwambia nini anapomwona anafungua mlango. Nadhani angemfunga vifungo vya koti mpaka shingoni, maana mama ni mama, halafu angemwambia, "Rudi utakapotamani kurudi."

Kama nimekosea, nikosoe.

Mamako,
Zuhura